Macho, GDB, Valgrind au AddressSanitizer: njia ipi ya kukagua kumbukumbu katika msimbo wa C?

Programu ya C inaweza kubeba kosa la kumbukumbu kwa miaka mingi huku ikifanya kazi yake vizuri kila siku. Kosa la hesabu hutoa jibu baya na ukaliona mara moja. Pointa (kigeu kinachoshika anwani ya kumbukumbu) inayoelekeza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa ni jambo jingine: huenda ikaendelea kukuonyesha data ileile ya zamani, mpaka siku nafasi ile itakapopewa mpangaji mwingine. Siku hiyo programu huanguka, na mara nyingi huangukia mahali pasipohusika kabisa na kosa lenyewe.

Mwaka 2019 wahandisi wa Microsoft walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama waliokuwa wakiurekebisha kila mwaka ulitokana na makosa ya kumbukumbu. Mwaka uliofuata mradi wa Chromium, ulio msingi wa kivinjari cha Chrome, ulitoa hesabu inayokaribiana na hiyo kwa hitilafu zake nzito za usalama. Kwa hiyo anayepewa msimbo wa C au C++ aukague amepewa kazi ya maana, na swali la kwanza analokutana nalo ni aanze na nini: asome tu kwa macho, afungue dibaga kama GDB achungulie programu ikiwa inaendeshwa, aipitishe kwenye Valgrind, au aijenge upya ikiwa na AddressSanitizer, vyombo viwili vinavyokagua kumbukumbu programu inapoendeshwa?

Kila njia ina watu wanaoitetea kwa nguvu, na wana sababu. Hapa naziweka pamoja, nikizipima kwa vipimo vilevile na kwa mfano uleule wa msimbo.

## Vipimo

Natumia vitano. Cha kwanza ni aina ya kosa ambalo njia husika inaweza kuliona: kuandika nje ya mpaka, kutumia kilichoachiliwa, kuachilia mara mbili, kusoma kigeu ambacho hakijapewa thamani, au kumbukumbu kuvuja, yaani kuombwa na kutoachiliwa kamwe. Cha pili husahaulika sana: je, njia hiyo inaona tawi la msimbo ambalo halikuendeshwa? Cha tatu ni gharama, kwa mashine na kwa mtu. Cha nne ni maandalizi, yaani kama ni lazima ujenge programu upya.

Cha tano ni kusomeka kwa msimbo, na hapa naomba nieleze, kwa sababu wengi hukiona kama pambo. Lugha ya C haina alama yoyote inayosema nani ni mwenye kumbukumbu. Ukiona `char *` katika fanksheni, huenda ni mali ya aliyekuita, huenda ni mali yako na unapaswa kuiachilia, huenda umeazimwa kwa muda tu. Habari hiyo imo katika majina, katika maoni ya msimbo na katika mpangilio wa mistari. Msimbo usiosomeka umeificha, na ikishafichwa, hakuna mkaguzi anayeweza kuthibitisha kwamba ni salama.

## Mfano tutakaoutumia

```c
struct ujumbe {
    size_t urefu;
    char *maandishi;
};

struct ujumbe *nakili(const char *chanzo)
{
    struct ujumbe *u = malloc(sizeof *u);
    u->urefu = strlen(chanzo);
    u->maandishi = malloc(u->urefu);
    strcpy(u->maandishi, chanzo);
    return u;
}

void futa(struct ujumbe *u)
{
    free(u->maandishi);
    free(u);
}

int main(int argc, char **argv)
{
    struct ujumbe *u = nakili(argv[1]);
    if (u->urefu > 80)
        futa(u);
    printf("%s\n", u->maandishi);
    futa(u);
    return 0;
}
```

Kuna makosa matatu ya kumbukumbu ndani ya `nakili` na `main`. Nafasi ya maandishi imeombwa bila kuhesabu baiti ya sifuri inayofunga mfuatano wa herufi. Ujumbe unaozidi herufi 80 unaachiliwa, kisha unatumika, kisha unaachiliwa tena. Na hakuna anayeuliza kama `malloc`, fanksheni ya kuomba kumbukumbu, imerudisha NULL, yaani imeshindwa. (Kutokuwepo kwa `argv[1]` ni kosa la nne, lakini hilo tuliache.)

Ukiiendesha kwa neno `habari`, itachapisha `habari` na kumaliza salama. Kwenye Linux ya biti 64 yenye glibc (maktaba ya C inayotumika sana kwenye Linux), ukiomba baiti 6 unapewa kipande chenye nafasi ya baiti 24, hivyo baiti ya saba inaangukia patupu. Kosa lipo, madhara hayapo. Ukipeleka neno la herufi 24 kamili, sifuri ya mwisho itaandikwa juu ya hesabu ambazo mgawaji wa kumbukumbu hujiwekea.

## Kusoma kwa macho

Inachokiona. Yote matatu, ikiwa msomaji yuko makini. Macho ndiyo pekee kati ya njia hizi nne yanayoona tawi ambalo halijawahi kuendeshwa. `malloc` kushindwa ni tukio adimu sana kwenye kompyuta ya kawaida, na majaribio yako yanaweza kupita mara elfu bila kuligusa, ila msomaji analiona kwa kutazama mstari tu.

Kusoma kwa ajili ya kumbukumbu si sawa na kusoma kutoka juu kwenda chini. Mimi hufuata maisha ya pointa moja moja. Imezaliwa wapi? Nani anaishika? Fanksheni ina milango mingapi ya kutokea, na katika kila mlango pointa ile iko katika hali gani? Milango ya makosa, ile `return` ya katikati inayotumika pale faili inapokosekana, ndiyo yenye uvujaji mwingi, maana aliyeiandika alikuwa anafikiria faili na si kumbukumbu. Baada ya hapo narudi kutazama hesabu za ukubwa: `sizeof` iliyowekwa juu ya pointa iliyopokelewa kama hoja, ambayo hutoa ukubwa wa pointa na si wa safu, namba yenye alama ya hasi ikilinganishwa na isiyo nayo, `strncpy`, ambayo haiweki sifuri mwishoni ikiwa chanzo kimeijaza bafa, na `realloc`, ambayo inaweza kukihamisha kipande huku pointa ya zamani ikiwa bado imehifadhiwa mahali pengine.

Isichokiona. Macho husoma kusudio la mwandishi, na kusudio huwa sahihi. Hitilafu ya Heartbleed iliingia katika toleo la 1.0.1 la OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, lililotolewa Machi 2012, baada ya badiliko hilo kupitiwa na mtu mwingine. Msimbo ulipokea kutoka upande wa pili dai la urefu wa ujumbe, ukanakili baiti kwa kiasi hicho bila kuuliza kama kweli ujumbe ulikuwa mrefu hivyo. Seva zilitoa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu zao kwa kila ombi. Ilitangazwa Aprili 2014, miaka miwili baadaye. Wasomaji wale walikuwa watu wazoefu. Mstari uliokosekana ni mgumu kuuona kuliko mstari uliokosewa.

Gharama na maandalizi. Mashine hailipi chochote, wala huhitaji kujenga kitu. Mtu ndiye anayelipa, na umakini hupungua kadiri kurasa zinavyoongezeka. Mapitio ya mistari mia mbili na mapitio ya mistari elfu tatu si kazi moja iliyorefushwa. Ile ya pili kwa kawaida huishia kuwa kupapasa tu.

Kusomeka. Hapa macho hayana mpinzani. Tazama jina `futa`. Je, linafuta maandishi na kuuacha muundo ukiwa mtupu, au linaachilia kila kitu? Jina halisemi. Aliyeandika `main` huenda alidhani linaondoa maandishi tu ili ujumbe mrefu usichapishwe. Kosa la kuachilia mara mbili halikuzaliwa kwa uzembe wa kuandika `free`. Lilizaliwa kwenye jina. Ukiiita `achilia_ujumbe`, na kanuni ya hatua inayofuata ikaandikwa wazi kwa `return` ndani ya `if`, kosa hilo linakuwa gumu kuliandika tangu mwanzo. Hakuna chombo kitakachokuambia hivyo.

Inamfaa nani. Anayepitia badiliko dogo kabla halijaingia; anayekagua njia za makosa ambazo haziendesheki kirahisi; na anayeutazama muundo wa programu kabla haujakomaa.

## GDB

GDB iliandikwa mwanzoni na Richard Stallman mwaka 1986, na hadi leo ndiyo dibaga inayopatikana karibu kila mahali penye Linux. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu watu wengi huitumia kama tochi ya kumulika ajali tu, ilhali ina uwezo mkubwa kuliko huo kwa mtu anayekagua.

Inachokiona. Inaona unachoiuliza, basi. Haina maoni juu ya uhalali wa kumbukumbu. Simamisha programu yetu mara `nakili` inaporudi, uandike `x/8xb u->maandishi`, utaona 0x68 0x61 0x62 0x61 0x72 0x69, kisha 0x00. Hizo ni baiti saba za data ndani ya nafasi iliyoombwa kwa baiti sita. GDB haitalalamika. Ni wewe unayepaswa kujua kwamba ya saba si yako.

Kwenye ujumbe mrefu mambo yanageuka. Katika glibc za sasa, kipande kidogo kikiachiliwa, mgawaji huandika habari zake katika baiti 16 za mwanzo, na muundo wetu una baiti 16 tu. Kwa hiyo `u->maandishi` inageuka kuwa takataka, na programu huanguka ndani ya maktaba ya C, mbali na msimbo wako. `bt` inakupa mlolongo wa miito. `up` inakurudisha hadi `main`. `print *u` inakuonyesha urefu wa ajabu na anwani isiyo na maana. Umejua kwamba pointa imeharibika. Nani aliyeiharibu?

Hili ndilo swali ambalo GDB hulijibu kuliko njia nyingine zote hapa. Endesha upya, simama baada ya `nakili`, weka `watch -l u->maandishi`, kisha `continue`. GDB itasimama papo hapo thamani inapobadilika: ndani ya `free`, na `bt` itaonyesha `futa` iliyoitwa na `main`. Huhitaji kukisia. Ulinzi wa namna hii hutumia rejista za kichakataji, na kwenye x86 kuna rejista nne tu za anwani, kwa hiyo usiweke walinzi wengi. Ukizidisha, GDB inaweza kushindwa kuwaweka wote.

Toleo la 7.0 la mwaka 2009 liliongeza uwezo wa kurudi nyuma katika uendeshaji. Chombo cha rr, kilichoanzia Mozilla, kinalifanya jambo hilo litumike kwa kazi halisi: unarekodi ajali mara moja, unaweka mlinzi kwenye kumbukumbu iliyoharibika, kisha `reverse-continue` inakupeleka kwa aliyeigusa mwisho. Kwa hitilafu inayotokea mara moja katika majaribio mia, sijui silaha bora.

Isichokiona. Tawi lisiloendeshwa, na kosa lolote ambalo hukulishuku.

Gharama na maandalizi. Programu haipungui kasi kwa kiasi cha kuhisi mpaka uanze kuweka masharti mazito. Jenga kwa `-g`, inayoweka habari za dibaga, pamoja na `-O0` au `-Og`, ili kompaila isibadilishe msimbo mno. Ukitumia `-O2` utakutana na `<optimized out>` pale hasa ulipotaka kutazama. Gharama kubwa ni saa zako.

Kusomeka. Dibaga ni msomaji mkali, na hili hulijua aliyewahi kukaa nayo mchana kutwa. Mstari mmoja wenye miito mitano iliyopachikwa moja ndani ya nyingine hauwezi kusimamishwa katikati kwa urahisi: `step` itakutumbukiza katika fanksheni ya ndani kabisa, utoke kwa `finish`, uingie ya pili, utoke tena, mpaka usahau ulikuwa unatafuta nini. Ukiugawa mstari huo kwa vigeu vyenye majina, kila thamani inakuwa kitu unachoweza kukichapisha. Makro ndefu nazo hazionekani bila `-g3`, na hata zikionekana hazipitiki mstari kwa mstari. Msimbo ninaoshindwa kuufuata ndani ya GDB, karibu kila mara huwa nimeshindwa pia kuueleza kwa mwenzangu kwenye mapitio.

GDB yenyewe ni mfano mzuri wa jambo hili. Zamani, ikiwa imeandikwa kwa C, kila rasilimali iliyoombwa iliandikishwa kwa mkono katika orodha ya vitu vya kusafishwa baadaye. Msomaji alipaswa kufuatilia orodha hiyo kichwani. Mradi ulipohamia C++, na toleo la 8.0 la mwaka 2017 likadai C++11, kazi hiyo ilianza kuhamishiwa kwenye aina kama `gdb::unique_xmalloc_ptr`. Sasa aina ya kigeu yenyewe inasema mwenye mali ni nani, na anayesoma anaona bila kuuliza.

Inamfaa nani. Mwenye ajali mkononi na anayetaka kujua sababu yake. Mwenye faili la core (nakala ya kumbukumbu ya programu ilipoanguka) kutoka mashine ya mbali. Na anayejifunza msimbo mgeni kwa kuutazama ukitembea.

## Valgrind

Valgrind, kazi iliyoanzishwa na Julian Seward na kutolewa mwaka 2002, huiendesha programu yako ndani ya kichakataji cha kuigiza. Chombo chake cha Memcheck hufuatilia kila biti ya kumbukumbu: je, imewahi kupewa thamani? Na kila baiti: je, programu ina ruhusa ya kuigusa?

Inachokiona. Kwa neno `habari`, ambalo GDB ililipita kimya, Memcheck inasema `Invalid write of size 1`, na kwamba anwani hiyo iko baiti 0 baada ya kipande cha baiti 6, pamoja na mstari kilipoombwa. Kwa ujumbe mrefu inakuambia umesoma ndani ya kipande cha baiti 16 kilichoachiliwa, nani alikiachilia, na nani alikiomba. Inaendelea hadi kuachilia kwa pili, kwa sababu haisimami kwenye kosa la kwanza. Ubora wake mkubwa uko kwenye thamani zisizoanzishwa: `--track-origins=yes` hukupeleka hadi mahali kumbukumbu isiyo na thamani ilipozaliwa.

Isichokiona. Haikagui mipaka ya safu zilizo kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya fanksheni inayoendeshwa) wala za vigeu vya jumla. Ukiandika kipengele cha kumi na moja katika safu ya kumi iliyotangazwa ndani ya fanksheni, inaweza kunyamaza kabisa. Matawi yasiyoendeshwa nayo haiyajui: ukijaribu `habari` peke yake, hutasikia lolote kuhusu kuachilia mara mbili.

Gharama na maandalizi. Tovuti yake inakiri kwamba Memcheck huifanya programu iwe polepole mara 10 hadi 30. Nyuzi za programu nazo huendeshwa moja baada ya nyingine, kwa hiyo hitilafu za kugombania wakati zinaweza kujificha. Kwa upande mwingine, huhitaji kujenga upya. Hata programu ambayo msimbo wake huna, utaipitisha.

Kusomeka. Haigusi jambo hili, na kutoligusa kumewahi kuleta hasara kubwa. Mwaka 2006, katika Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, Valgrind ililalamika kuhusu kumbukumbu isiyoanzishwa ndani ya sehemu ya OpenSSL inayozalisha namba nasibu. Mistari iliyolalamikiwa iliondolewa. Mmoja wao ndio uliokuwa ukiingiza unasibu wa kweli, na msimbo haukuwa umeeleza hivyo kwa namna ambayo msomaji angeielewa. Kilichobaki kubadilisha funguo ni namba ya mchakato, na hiyo ilikuwa na thamani zisizozidi 32,768. Kosa lilitangazwa Mei 2008, baada ya funguo dhaifu kutengenezwa kwa karibu miaka miwili. Chombo kilisema kweli kuhusu kumbukumbu. Aliyekitii hakuwa na njia ya kuusoma msimbo.

Inamfaa nani. Mwenye programu iliyokwisha kujengwa na hana nafasi ya kuijenga upya, au mwenye matokeo yanayobadilika kila akiendesha bila sababu ya kuonekana.

## AddressSanitizer

Ilitengenezwa Google, ikaelezwa hadharani mwaka 2012, ikaingia Clang 3.1 mwaka huohuo na GCC 4.8 mwaka 2013. Kompaila huweka ukaguzi kabla ya kila kusoma na kila kuandika. Kila baiti 8 za kumbukumbu zina baiti moja ya kivuli inayosema kama zinaruhusiwa. Pembeni mwa kila kipande huwekwa eneo lililokatazwa. Na kinachoachiliwa hutengwa kwa muda, kisigawiwe upya haraka.

Inachokiona. Kuvuka mpaka kwenye hipu (kumbukumbu inayoombwa kwa `malloc`), kwenye staki na kwenye vigeu vya jumla, kutumia kilichoachiliwa, kuachilia mara mbili. Kwa `habari` itasema `heap-buffer-overflow` na kuizima programu palepale. Kwenye Linux ya x86-64 hutafuta pia uvujaji programu inapomaliza.

Isichokiona. Thamani zisizoanzishwa. Clang ina MemorySanitizer kwa kazi hiyo, lakini hiyo inadai hata maktaba zako zijengwe kwa namna hiyohiyo. Haioni pia safu iliyo ndani ya muundo ikimwagikia sehemu jirani ya muundo huohuo, wala mruko wa mbali unaovuka eneo lililokatazwa na kutua katika kipande kingine halali. Na kama Valgrind, haijui chochote kuhusu tawi ambalo halikuendeshwa.

Gharama na maandalizi. Waandishi wake walipima upungufu wa kasi wa asilimia 73 kwa wastani, na matumizi ya kumbukumbu mara 3.4. Ukilinganisha na mara 10 hadi 30, unaelewa kwa nini miradi mingi huiwasha katika majaribio ya kila siku. Lazima ujenge upya kwa `-fsanitize=address -g`, na ni vizuri kuongeza `-fno-omit-frame-pointer`. Usiipeleke kwa watumiaji kama ngao; haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Inashirikiana vizuri na dibaga. Ukiweka `ASAN_OPTIONS=abort_on_error=1:detect_leaks=0`, GDB itasimama kwenye kosa na vigeu vyote vikiwa bado hai. Utafutaji wa uvujaji uzimwe, kwa kuwa haufanyi kazi programu ikiwa imeshikwa na dibaga.

Kusomeka. Haisaidii moja kwa moja. Ila ripoti yake yenye sehemu tatu, palipotumika, palipoachiliwa, palipoombwa, ni ramani ya umiliki. Ikiwa sehemu hizo tatu ziko katika mafaili matatu yasiyojuana, umepata jambo la kuzungumza kwenye mapitio.

Inamfaa nani. Mwenye msimbo wake mwenyewe na majaribio yanayoendeshwa kila badiliko linapoingia.

## Uchague kulingana na hali yako

Programu imeanguka mara moja kwenye mashine ya mbali na umebakiwa na faili la core: fungua GDB. Zile nyingine zinakamata kosa linapotokea; hili limeshatokea.

Inaanguka kila siku, kila mara mahali tofauti: hiyo ni dalili ya kumbukumbu iliyoharibiwa mapema kuliko inavyoonekana. AddressSanitizer kwanza ikiwa unaweza kujenga upya, Valgrind ikiwa huwezi. Ukishajua kipande kilichoharibiwa na bado hujaelewa kwa nini, rudi GDB na `watch`, au rr kama unayo.

Haianguki, lakini jibu la leo si la jana kwa data ileile: Valgrind na `--track-origins=yes`. Kabla hujarekebisha inachokuonyesha, soma fanksheni nzima inayozunguka mstari huo.

Kumbukumbu inapanda polepole kwenye programu inayokaa wiki nzima: Valgrind na `--leak-check=full`. Ukikuta kila kitu bado kina pointa inayokishika, basi huo si uvujaji wa kawaida. Kuna orodha inayokua bila kupunguzwa, na hiyo utaipata kwa kusoma.

Umeletewa badiliko la mwenzako ulipitie: anza kwa macho, huku majaribio yenye AddressSanitizer yakiendelea upande wa pili. Jiulize kwa kila pointa mpya nani ataiachilia. Usipoweza kujibu kwa sentensi moja, mrudishie hata kama majaribio yote yamepita, na umwambie ni jina gani au mstari gani uliokufanya ushindwe.

Umerithi msimbo mkubwa wa zamani: usianze kuusoma wote. Ujenge kwa AddressSanitizer, endesha majaribio yaliyopo, tengeneza yanayotokea. Washa pia ukaguzi wa kompaila usiohitaji kuendesha programu, kama `-fanalyzer` ya GCC iliyokuja na toleo la 10 mwaka 2020. Hiyo hupitia matawi yasiyoendeshwa, ingawa hutoa pia tahadhari za uongo. Baada ya hapo soma zile sehemu ambazo vyombo vimezilalamikia zaidi ya mara moja.

Unaandikia kifaa kidogo chenye kumbukumbu finyu: AddressSanitizer haitaenea humo. Tenganisha mantiki na vifaa, ujenge mantiki hiyo kwenye kompyuta yako ya kawaida na kuikagua huko, kisha kwenye kifaa chenyewe tumia GDB kupitia gdbserver, programu ndogo inayokaa kwenye kifaa huku GDB ikiwa kwenye kompyuta yako.

Na ikiwa hutakiwi kutafuta kosa lolote, umeombwa tu useme kama msimbo unasomeka: uendeshe ndani ya GDB hata hivyo. Weka kituo (breakpoint) mwanzoni mwa fanksheni unayoijua kidogo kuliko zote, utembee nayo kwa `next`, na kabla ya kila hatua jaribu kutabiri kigeu gani kitabadilika. Pale utabiri wako unapokosea mara mbili mfululizo, andika namba ya mstari.